Kupimwa HIV Bila Hofu ya Kupoteza Kibarua

Mazungumzo kwa wafanyakazi, waajiri na wakazi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi



Mada ni HIV mahali pa kazi. Wengi wakisikia hivyo hujua mara moja kitakachofuata: kondomu, uaminifu, nenda ukapimwe. Hayo yamesemwa tangu mgonjwa wa kwanza alipogunduliwa nchini mwaka 1984, yakasemwa kwa sauti kubwa zaidi Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na bado ni ya kweli. Lakini liko swali ambalo wafanyakazi huulizana wakiwa peke yao wakati wa chai ya saa nne, na ambalo mikutano ya hadhara hulipita haraka: nikipatikana na virusi, supavaiza atajua? Na akijua, kesho nitaitwa tena langoni?

Mtu anayeogopa jibu la swali hilo hapimwi. Hata ukimpa kondomu mia moja na fulana yenye maandishi mekundu, hapimwi. Kwa hiyo maelezo haya yataanzia hapo, kwenye hofu ya kibarua, kabla ya kufika kwenye damu na dawa.

Kwanza takwimu chache, kwa sababu zinaonyesha tatizo liko wapi hasa. Mwaka 2018 Wizara ya Afya ilifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba unaojulikana kama KENPHIA. Uligundua kwamba kati ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, asilimia 4.9 walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Kati yao, karibu asilimia 80 walijua hali yao. Kati ya waliojua, asilimia 96 walikuwa tayari wanatumia dawa. Na kati ya waliotumia dawa, zaidi ya asilimia 90 virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa.

Tazameni pengo liko wapi. Mkenya akishajua hali yake, karibu kila mara huanza dawa, na dawa humfaa. Anayepotea ni yule ambaye hajavuka mlango wa kupimwa, na huyo ni mtu mmoja kati ya watano. Kwa wanaume mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wanawake wenye virusi waliojua hali yao walikuwa karibu asilimia 83, wanaume karibu asilimia 73.

Tofauti hiyo haitokani na ujasiri. Mwanamke mjamzito akienda kliniki, iwe Pumwani, Mama Lucy au kituo cha afya cha mtaani kwake, huelezwa kuhusu kipimo cha HIV na kupewa nafasi ya kupimwa pamoja na vipimo vingine. Kuna mlango uliofunguliwa mahsusi kwa ajili yake. Mwanamume mwenye afya hana mlango kama huo. Anaamka saa kumi na moja, anatembea kutoka Mukuru au Kayole hadi Industrial Area, anasimama langoni, anafanya kazi, anarudi giza limeingia. Kama mwanamume huyo atakutana na huduma ya kupimwa popote, basi ni kazini au karibu na kazini. Ndiyo maana mahali pa kazi pana uzito, na ndiyo maana siri ya mahali pa kazi ina uzito mara mbili.

Eastlands yenyewe ilijengwa kwa ajili ya kazi. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na nyingine zilijengwa enzi za ukoloni kwa watu waliohitajika mjini kama nguvu kazi, na nyumba nyingi za mwanzo zilikusudiwa mwanamume peke yake, mke na watoto wakibaki mashambani. Mji uliopangwa hivyo ulitenganisha mume na mke mwaka mzima, kisha ukashangaa magonjwa ya zinaa yalipoenea.

Pumwani ina sehemu yake katika historia hii, na haifai kuificha. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada walikuwa wakiwahudumia wanawake wa Pumwani waliopata riziki kwa biashara ya ngono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba thuluthi mbili ya wanawake maskini waliopimwa walikuwa na virusi. Baadaye iligunduliwa kwamba wachache miongoni mwa wanawake wa Majengo hawakuambukizwa hata baada ya miaka mingi ya kukutana na virusi, na wanasayansi wa dunia nzima wakaanza kuwatazama hao wakitafuta chanjo. Dunia ilijifunza mengi kutoka Majengo. Majengo yenyewe ikabaki na jina baya, na kwa muda mrefu msichana wa huko akiomba kazi Parklands aliona afadhali aseme anaishi Eastleigh. Hiyo ndiyo bei ya kutajwa, na wakazi wa hapa waliilipa kabla hata sheria haijaandikwa.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ilipitishwa mwaka 2006. Kifungu cha 13 kinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kupimwa HIV kama sharti la kupata kazi au kuendelea na kazi. Kinakataza vilevile kulazimisha kipimo kwa ajili ya ndoa, kujiunga na shule, kusafiri, au kupata matibabu na bima. Kifungu cha 31 kinasema mtu hawezi kunyimwa kazi anayoiweza, kuhamishwa, kunyimwa cheo wala kufutwa kwa sababu tu ana virusi. Na hapo kuna maneno ambayo kila mfanyakazi anafaa kuyashika: sheria haizungumzii tu mtu mwenye virusi kweli, inamlinda pia anayedhaniwa au anayeshukiwa kuwa navyo. Yaani hata uvumi hautoshi kumtoa mtu kazini. Mama aliyekonda baada ya kifua kikuu, kijana anayeonekana akitoka kliniki fulani kila baada ya miezi mitatu, wote wamo ndani ya kifungu hicho.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema hivyo hivyo kwa njia yake. Kifungu cha 5 kinaorodhesha hali ya HIV pamoja na kabila, dini, ulemavu na ujauzito miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo, na kifungu cha 46 kinasema hiyo si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa msingi wa hali ya afya.

Wengine husema sheria za Kenya ni nzuri kwenye karatasi tu. Lawama hiyo ina haki yake, lakini kwa jambo hili kuna watu waliofika mahakamani na wakatoka na kitu mkononi.

Mmoja ni mhudumu wa kike katika kampuni ya upishi hapa Nairobi, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi J.A.O. pekee. Aliugua, akapelekwa hospitali, damu yake ikapimwa HIV bila yeye kuridhia, mwajiri akaarifiwa, na kazi ikaisha. Wakati huo Sheria ya 2006 haikuwepo. Waliomfanyia hivyo waliomba Mahakama Kuu iitupilie mbali kesi, kwamba hakuna kosa lolote la kujibu. Mwaka 2004 mahakama ilikataa. Ilisema kumpima mtu bila ridhaa yake, kumpa mwajiri matokeo, na kumfuta mtu kwa sababu ya HIV ni mambo ambayo mtu ana haki ya kuyashtakia. Mwaka 2008 mama huyo alipata fidia ya zaidi ya shilingi milioni 2. Ilichukua miaka mingi, na ni haki kusema kwamba si kila mhudumu wa hoteli ana nguvu za kungoja muda huo wote. Lakini mlango ulifunguliwa na yeye.

Mwaka 2013 Mahakama ya Kazi ilitoa uamuzi mwingine. Mwanamke aliyefanya kazi katika chuo kikuu kimoja jijini alipimwa bila kuambiwa kwamba kipimo ni cha HIV, kisha akanyimwa ajira ya kudumu huku akiendelea kuchapa kazi ile ile. Mahakama iliamuru alipwe karibu shilingi milioni 7. Waajiri wanaosoma jarida hili wazitafakari takwimu hizo mbili kabla ya kumwambia karani aongeze kipimo kingine kwenye fomu ya uchunguzi wa afya.

Kuna pia mahakama ndogo maalumu iliyoundwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya 2006 kusikiliza malalamiko yanayohusu HIV peke yake: kupimwa bila ridhaa, siri kufichuliwa, kubaguliwa kazini. Inaweza kuamuru fidia kwa hasara na kwa kuvunjiwa heshima, na inaweza kumwamuru mwajiri aache anachofanya. Wakenya wengi hawajui kwamba ipo.

Hadi hapo yamezungumzwa ya mwenye barua ya ajira. Sasa yule wa Kamukunji je, anayefua sufuria na majiko kwa kulipwa kwa kipande? Yule wa Kariobangi Light Industries anayechomelea mageti? Makanga wa njia ya Buruburu au Dandora ambaye mwajiri wake ni dereva, ambaye mwajiri wake ni mwenye gari, ambaye yuko chini ya sako? Huyo akiambiwa kesho asije, hakuna barua ya kufutwa, hakuna kikao. Kibarua kimeota nyasi, basi.

Sheria haikumsahau kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya 2006 kinaitaka serikali kuhakikisha elimu ya HIV inawafikia wafanyakazi wa serikali, wa makampuni na wa sekta isiyo rasmi, na kinataja kwamba elimu hiyo igusie utunzaji wa siri kazini na namna ya kuwatazama wenzao wenye virusi. Jua kali imo. Lakini ukweli ni kwamba kwa fundi wa Kamukunji, ulinzi wa kwanza hautoki mahakamani. Unatoka kwa mwenyekiti wa chama chake, mwenye karakana, msimamizi wa steji, mama anayewapikia githeri. Hao ndio wanaoweza kukata uvumi au kuukuza. Mwenyekiti wa chama anayesema mbele ya wanachama kwamba afya ya mtu haijadiliwi hapa, na anayemkatiza mwanachama anayeanza kunong'ona, amefanya kazi ambayo hakimu angeifanya kwa miaka mitano.

Na kuna jambo ambalo waandalizi wa kampeni wanapaswa kulisikia, hata kama halitawapendeza. Ni habari ya hema.

Mara nyingi kiwanda kikitaka kusaidia, hualika wahudumu wa afya. Hema hupigwa uani, karibu na kantini. Nia ni njema. Wafanyakazi wanapanga foleni, mmoja mmoja anaingia. Tone la damu kutoka kidoleni, dakika 15 au 20, jibu limepatikana. Anayepatikana hana virusi hutoka upesi. Anayepatikana navyo hupimwa tena kwa kifaa tofauti, na tena kwa cha tatu, kwa sababu kanuni za Kenya hazikubali kumwambia mtu ana virusi kwa kipimo kimoja tu. Kisha hupewa ushauri. Wakati huo wote wenzake thelathini wamekaa kwenye masanduku ya soda, wanakunywa chai, na wanahesabu. Juma ameshatoka. Otieno ameshatoka. Wanjiru bado hajatoka. Hakuna daktari aliyefichua siri, hakuna karatasi iliyoanguka, lakini saa ya ukutani imeshasema.

Dawa yake ipo, na si ghali. Hema la HIV peke yake lisipigwe. Liwe la shinikizo la damu, sukari, kifua kikuu na HIV, ili anayekaa sana awe na sababu ishirini za kukaa. Washauri wapange kila mtu akae muda unaolingana. Mlango wa kutokea uwe upande usioonekana na foleni. Na kila mfanyakazi apewe njia nyingine: ruhusa ya saa mbili kwenda kituo cha afya anachokitaka mwenyewe, iwe Lunga Lunga, Makadara, Jericho au hata ng'ambo nyingine ya jiji, bila kuulizwa anaenda kwa lipi. Msimamizi asisimame karibu na hema akiwa na orodha ya waliopimwa. Idadi ya waliojitokeza inamtosha. Majina si yake.

Kwa asiyetaka kuonekana popote, kuna kifaa cha kujipima mwenyewe. Kilizinduliwa nchini mwaka 2017 na kinauzwa katika maduka ya dawa. Kimoja hutumia ute wa ufizi, kingine tone la damu. Mtu hujipima nyumbani kwake, mlango umefungwa. Kikionyesha kwamba kuna dalili ya virusi, hilo si jibu la mwisho. Lazima aende kituoni kuthibitisha. Na yeyote aliyepimwa muda mfupi baada ya kujamiiana bila kinga afahamu kwamba kipimo huweza kukosa kuona maambukizi mapya. Arudie baada ya miezi mitatu.

Akishapatikana na virusi, mambo si kama yalivyokuwa zamani. Wakazi wa umri fulani wanakumbuka miaka ya 1990, vijana wakirudishwa mashambani kwa matatu wakiwa wamefunikwa blanketi, na wahudumu wa mradi wa EDARP wa Kanisa Katoliki, ulioanza mwaka 1993, wakitembea mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba kuwaosha na kuwalisha wagonjwa ambao hapakuwa na dawa ya kuwapa. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006, picha hiyo ilianza kufutika. Tangu 2016 mtu huanzishwa dawa mara tu anapothibitishwa, bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Kwa wengi sasa ni kidonge kimoja kwa siku, kinachoweza kunywewa saa yoyote ambayo mtu ataishika kila siku, kabla au baada ya chakula. Askari wa usiku anaweza kukinywa anapoingia zamu. Dereva anaweza kukinywa saa kumi alfajiri kabla ya kuwasha gari.

Na likishikwa zoezi hilo, virusi hupungua hadi kipimo kishindwe kuvihesabu. Mtu aliyefika hapo na akabaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili wakati mwingine watu hulisikia na kucheka, kana kwamba ni maneno ya kutia moyo. Ni matokeo ya utafiti uliofuatilia maelfu ya wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na hakuna maambukizi yaliyotoka kwa mwenzi ambaye virusi vyake vilikuwa vimedhibitiwa hivyo. Kwa mahali pa kazi maana yake ni hii: mfanyakazi anayeruhusiwa kwenda kuchukua dawa zake kwa amani ni kinga kwa mtaa mzima.

Hapo ndipo kibarua hurudi tena. Siku ya kuchukua dawa ni siku ya kukosa mshahara. Kwa anayelipwa kwa siku, kwenda kliniki asubuhi na kutoka saa saba ni kulala bila unga. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, baadhi ya huduma zilizotegemea wafadhili zilipungukiwa na wahudumu, na huduma za HIV zimekuwa zikiunganishwa na za wagonjwa wengine. Kuunganishwa huko kuna uzuri wake. Zamani kliniki ya HIV ilikuwa na mlango wake na benchi lake, na kuonekana kwenye benchi hilo kulikuwa sawa na kutangazwa. Sasa mtu amekaa kati ya mwenye malaria na mwenye kidonda. Lakini foleni imerefuka, na mwenye foleni ndefu ndiye anayeacha dawa. Mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa anaweza kuandikiwa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja. Aombe hilo waziwazi kwa mhudumu. Naye mwajiri akumbuke kwamba baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi angalau siku saba za ugonjwa zenye mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Mfanyakazi hana wajibu wa kumweleza bosi kwamba ana HIV ili azipate.

Chupa ya dawa nayo ina hadithi yake. Wengi huogopa mlio wake mfukoni. Wengine huweka pamba ndani isilie, wengine huchukua kidonge cha siku hiyo tu. Mtu akiuliza mhudumu wa dawa njia nzuri ya kubeba kidonge kimoja bila kukiharibu, ataelezwa. Si swali la kipuuzi.

Sasa kuhusu damu kazini, kwa sababu hapo uongo ni mwingi. HIV haiambukizwi kwa kuchangia kikombe, choo, nyundo, kiti cha matatu wala sahani ya githeri. Haipitii kwenye jasho la anayebeba gunia pamoja nawe. Fundi aliyejikata kwa bati, kisha mwenzake akalishika bati hilo baadaye kwa mkono mzima usio na jeraha, hajamwambukiza. Hatari ya kweli ipo kwa wachache: wauguzi, wasafishaji wa hospitali, na wale wanaookota taka Dandora ambako sindano hufika zikiwa zimechanganywa na maganda ya viazi. Hata hapo, kwa kila watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, takriban 3 ndio huambukizwa. Ni wachache, lakini hakuna anayejua kama atakuwa mmoja wao. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, asilikamue, na akimbilie kituo cha afya apewe PEP, dawa za kuzuia maambukizi. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ni bora. Hunywewa kwa siku 28. Kazi ya mwajiri hapo ni kununua glavu na buti nzito, na kutomwambia mtu amalize zamu kwanza.

Lipo jambo la mwisho, na huenda ndilo zito kuliko yote kwa wanawake wa Industrial Area. Kuna malango ambako kibarua cha siku kina bei. Mwenye kuchagua nani aingie hutaka kwanza apewe mwili. Huo ndio mlango wa HIV ulio wazi kabisa kazini, na hakuna bango la kondomu linaloufunga. Sheria ya Ajira, kifungu cha 6, inauita unyanyasaji wa kingono, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi yake, na awaeleze wafanyakazi. Meneja asiyejua kinachoendelea langoni mwake saa kumi na mbili asubuhi na aende akasimame pale siku tatu. Mwanamke aliyelazimishwa, langoni au njiani akirudi Mukuru usiku, afike hospitali upesi. PEP ile ile ya saa 72 inamhusu, pamoja na dawa ya kuzuia mimba, na matibabu hayapaswi kungoja karatasi ya polisi. Simu 1195 ni ya bure, usiku na mchana.

Na kwa yeyote asiye na virusi lakini kazi yake au ndoa yake inamweka hatarini mara kwa mara, kuna kidonge cha PrEP, kinachotolewa nchini tangu 2017. Hakizuii mimba wala kisonono, kwa hiyo kondomu bado ina kazi yake.

Kupimwa, dawa za HIV, PrEP na PEP hutolewa bure katika vituo vya umma. Upande huu wa jiji vipo vituo vya afya vya Bahati, Jericho, Makadara, Lunga Lunga, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Eastleigh na Mathare North, pamoja na hospitali za Mama Lucy Kibaki na Pumwani. Anayependa asionekane na majirani ana uhuru wa kwenda cha mbali. Anayehamia mtaa mwingine aombe barua ya uhamisho kabla ya dawa kwisha, na anayesafiri nyumbani Desemba aseme mapema ili aandikiwe za kumtosha hadi Januari.